Hedifoni za Gemu Mjini Voi: Sikio, Mfuko na Heshima ya Nyumba

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Voi haukuzoea kimya. Tangu reli ilipopita hapo mwishoni mwa karne ya 19, wenyeji wake wamelala na kuamka kwa mlio wa garimoshi. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi nayo haijui usiku wala mchana. Malori hupita na shehena zao, mabasi hupiga honi, na wachuuzi hunadi bidhaa zao madirishani. Katika mji kama huo, kijana ajifunikaye masikio yote mawili ili asisikie chochote isipokuwa mchezo wake, hapana shaka atatazamwa mara mbili.

Hata hivyo vijana hao sasa si haba. Utawaona Kaloleni, utawaona Mwakingali, hedifoni kubwa imewakaa shingoni kama mkufu. Hizo si zile za kusikilizia kaswida na nyimbo tu. Ni hedifoni za gemu, yaani za michezo ya video ichezwayo kwa PlayStation, kwa kompyuta au kwa simu. Hazina waya, zina maiki ya kusemea, na zimefunika sikio zima kama vikombe viwili.

Bei yake nayo si mchezo. Zile zinazoitwa za bei ya kati huuzwa ng'ambo kuanzia dola 80 hadi 150. Ukiihesabu dola moja kwa shilingi 130 hivi, hiyo ni shilingi 10,400 hadi 19,500, kabla ya ushuru, usafiri na faida ya muuzaji. Katika nyumba nyingi za Voi, Mwatate na Taveta, fedha hizo ni karo, ni unga wa mwezi, au ni kodi ya nyumba. Basi si vibaya mzazi kuuliza, na kijana naye ajiulize: je, kitu hiki kina thamani ya fedha zake?

KUTOKA BARAZANI HADI KICHWANI

Wazee wetu wa pwani waliijua redio kuwa ni kitu cha jamaa. Zama za Sauti ya Mvita, kituo kilichotangaza kutoka Mombasa kabla ya uhuru, sanduku moja la redio liliweza kuwatosha watu wa mtaa mzima. Watu walikaa barazani, kahawa ikazunguka, na habari ikasikiwa na wote kwa pamoja. Aliyekosa neno alimwuliza mwenziwe.

Hedifoni yenyewe ni kitu cha zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mmarekani Nathaniel Baldwin alizitengeneza kwa mikono yake jikoni mwake, na mwaka 1910 jeshi la wanamaji la Marekani likazinunua kwa ajili ya mafundi wake wa simu za upepo. Lakini aliyezitia barabarani ni kampuni ya Sony ya Japani, ilipotoa Walkman mwaka 1979. Na hapa pana kisa cha kuzingatiwa. Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni pamoja na kitufe cha kuwawezesha wasikilizaji wawili kuzungumza. Mkuu wa Sony, Akio Morita, alihofu kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya wenzake ungekuwa utovu wa adabu. Muda si muda ikaonekana kwamba wanunuzi hawakulihitaji tundu la pili, nalo likaondolewa. Hofu ya Morita, hata hivyo, ndiyo ile ile ya mama wa Voi leo.

Tofauti ni kuwa mchezaji wa gemu wa leo hayuko peke yake kama adhaniwavyo. Masikioni mwake mna wenzake. Yuko Voi, binamu yake yuko Maskati au Jidda, na wote wawili wanasakata mpira mmoja huku wakizungumza. Tena kwa wengine si mchezo mtupu. Mwaka 2024 mji wa Riyadh, Saudia, uliandaa Kombe la Dunia la michezo hii, na zawadi zilizotengwa zilifika dola milioni 60. Hapa kwetu Kenya, Sylvia Gathoni, maarufu kwa jina la Queen Arrow, alijiunga na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Kijana akisema kwamba anataka vifaa bora, asichekwe kabla hajasikizwa.

MAANA YA KUTOKUWA NA WAYA

Wengi hudhani hedifoni zote zisizo na waya ni mamoja. Sivyo. Ziko njia mbili za kuipeleka sauti, na tofauti yake ndiyo roho ya jambo hili.

Njia ya kwanza ni Bluetooth, ambayo kila simu inayo. Njia hii inafaa sana kwa kusikiliza kisomo, darsa, habari, au kuzungumza na jamaa. Lakini ina kasoro mbili kwa mchezaji. Kwanza, sauti huchelewa. Kwa hedifoni za kawaida, kuchelewa huko huweza kufika milisekunde 150 hadi 200 au zaidi, yaani karibu moja ya tano ya sekunde. Katika kisomo hutaigundua. Katika mchezo, mpira umeshapigwa ndipo mlio unapokufikia. Kasoro ya pili haijulikani na wanunuzi wengi. Maiki inapofunguliwa kwa njia hii, aghalabu sauti yote hushuka hadhi na kuwa nyembamba kama ya simu ya zamani, kwa kuwa njia ile haina nafasi ya kubeba sauti nzuri ya kusikia na sauti ya kusema kwa wakati mmoja.

Njia ya pili hutumia kipokezi kidogo, mfano wa flashi, kinachochomekwa kwenye PlayStation au kompyuta. Kipokezi hicho na hedifoni yake huzungumza wawili tu, na kuchelewa kwake aghalabu ni chini ya milisekunde 50. Sikio halitambui. Hedifoni ya gemu ya kweli ni ile yenye kipokezi hiki. Isiyo nacho, hata ikiwa na taa za rangi zote saba, ni hedifoni ya kawaida iliyovishwa nguo za harusi.

Ikumbukwe pia kwamba PS4 na PS5 hazikubali hedifoni za kawaida za Bluetooth kuunganishwa nazo moja kwa moja. Mtu anaweza kutumia akiba yake yote, akafika nyumbani na sanduku jipya, na mashine ikamkataa. Kwa wenye Xbox mambo ni magumu zaidi, kwani mashine hiyo ina utaratibu wake wa pekee, na vipokezi vingi vya PlayStation havifanyi kazi kwake.

TUZIPIME MOJA MOJA

Tuchukue mifano. Logitech G435 ilitolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 79.99. Ina kipokezi na Bluetooth pia, kwa hivyo huweza kutumika kwa PlayStation, kwa kompyuta na hata kwa simu. Uzito wake ni gramu 165 tu, jambo ambalo ni raha kwa kichwa cha kijana mdogo, na betri yake huchukua saa 18. Vikombe vyake vimefunikwa kwa kitambaa. Upungufu wake ni kuwa maiki zake zimefichwa ndani ya kikombe, mbali na kinywa, hivyo chumba chenye kelele nacho husikika. Tena haina tundu la waya wa kawaida wa milimita 3.5.

Ya pili ni Pulse 3D ya Sony, iliyotoka pamoja na PS5 mwaka 2020 kwa dola 99.99. Hii ina kipokezi, na tundu la waya inalo, basi betri ikiisha utachomeka waya na mchezo uendelee. Lakini betri yake ni ya saa 12 tu, na vikombe vyake vimefunikwa kwa ngozi ya bandia. Ndugu yake, Pulse Elite, alifuata mwaka 2024 kwa dola 149.99, akiwa na betri ya saa 30.

Saa hizo zina maana gani kwetu? Tuchukue usiku wa Ramadhani, ambapo vijana hutoka taraweh na wengine hukesha hadi wakati wa daku. Huo ni muda wa saa kama saba. Betri ya saa 12 huchukua usiku mmoja, ya saa 18 siku mbili, na ya saa 30 siku nne. Umeme ukikatika mchana wote, mwenye ile ya kwanza atalala mapema, na pengine hilo ni heri kwake.

JOTO, VUMBI NA KOFIA

Wanaozisifu hedifoni hizi huzijaribu katika vyumba vya baridi huko Ulaya na Marekani. Voi ni habari nyingine. Kuna miezi ambayo joto hupita nyuzi 30 hata jua likiwa limeelekea kutua, na Taveta haiko nyuma. Ngozi ya bandia ikikaa juu ya sikio katika joto hilo, jasho hutiririka, na baada ya miezi mingi huanza kubambuka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Kitambaa hupitisha hewa, ijapokuwa nacho huhitaji kufutwa na kuanikwa. Kwa mkaazi wa Wundanyi, kule juu milimani ambako watu hulala na blanketi, ngozi haina taabu. Kwa hivyo hedifoni moja huweza kuwa nzuri mlimani na mbaya tambarare, ilhali ni kaunti moja.

Halafu pana vumbi. Udongo mwekundu wa Tsavo, ule ule unaowapaka ndovu rangi hata wageni wakadhani wamezaliwa nayo, huingia kila mahali. Huingia katika matundu ya maiki na katika tundu la chaji. Hedifoni iwekwe ndani ya mfuko wa kitambaa inapopumzika. Wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto kali huizeesha betri ya lithiamu upesi kabla ya siku zake.

Jambo la tatu halitajwi kabisa na wapimaji wa ng'ambo, nalo latuhusu sisi. Wengi wetu tuna kofia kichwani, na dada zetu wana mitandio. Utepe wa juu ukiwa mgumu huiponda kofia na kuumiza utosi. Na mtandio ukiwa kati ya kikombe na sikio, sauti huvuja, hasa ile nzito ya chini, kwa kuwa kikombe hakikai sawasawa juu ya ngozi. Dada huyo ataongeza sauti ili afidie, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Basi mnunuzi aijaribu akiwa na kofia au mtandio wake, tena kwa dakika 20 wala si kwa dakika mbili.

SIKIO NI AMANA

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kuharibu masikio yao kwa sauti kubwa wanazozisikiza kwa hiari. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14, zilizohusu watu zaidi ya 50,000, na yakaonyesha kwamba wachezaji wa gemu mara nyingi husikiliza kwa viwango vinavyokaribia au kupita mpaka wa salama.

Mpaka huo ni upi? Kwa mtu mzima, ni desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Na kila inapoongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki. Desibeli 86 ni saa 10. Desibeli 89 ni saa tano, na 92 ni saa mbili na nusu.

Sasa tuipime hedifoni kwa hesabu hiyo. Ile G435 tuliyoitaja ina namna ya kuizuia sauti isipite desibeli 85. Hili ni jema, na mzazi anayemnunulia mtoto aliulizie. Lakini desibeli 85 kwa mtu mzima ni salama kwa saa kama 12 au 13 tu kwa wiki. Kijana achezaye saa tatu kila siku hufika saa 21. Akikaa kwenye kikomo hicho muda wote, ameshapita mpaka hata ingawa kizuizi kimefungwa. Kizuizi husaidia, lakini hakiwezi kumhesabia kijana saa zake.

Kanuni nyepesi ni hii: sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na kila saa moja masikio yapumzike. Masikio yakivuma baada ya mchezo, hiyo ni ishara kwamba umeyadhulumu. Seli za ndani ya sikio zikishakufa haziwezi kuota tena kama nywele za kichwa.

HAKI YA JIRANI NA HAKI YA MAMA

Kwa upande wa adabu, hedifoni hizi zina sura mbili, na uadilifu ni kuzitaja zote.

Sura ya kwanza ni njema. Katika nyumba za kupanga, ambapo chumba na chumba hutengwa kwa ukuta mwembamba, televisheni inayolia bunduki na kelele za uwanja wa mpira saa nane za usiku ni maudhi kwa jirani. Jirani ana haki, nayo tumefundishwa tangu chuoni. Hedifoni humpa kijana mchezo wake na ikampa jirani usingizi wake. Baba aliyerudi safari ya usiku, mtoto mchanga, bibi mgonjwa, wote hao hufaidika.

Sura ya pili si njema. Vikombe vile vilivyofungwa humziba mtu asisikie aliye karibu naye. Mama huita kutoka uani mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mwishowe huja mpaka mlangoni.

"Mwanangu, nikuite mara ngapi?"

"Niwie radhi mama, sikusikia."

Na kweli hakusikia. Lakini wahenga hawakukosea waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Adhana nayo hupita vivyo hivyo. Muadhini wa mtaani hawezi kushindana na kikombe kilichobana sikio, na magharibi ni fupi. Dawa si ngumu. Kikombe kimoja kiachwe nje ya sikio jua linapokaribia kutua, au simu itegwe ilie kwa nyakati za sala, na wenzake wa mchezoni wazoee kuambiwa, "Subirini, naenda kuswali." Vijana wengi wa Ghuba hufanya hivyo, na mchezo hauvunjiki.

Ama mchezo wa kuwekeana fedha, huo ni kamari, na hakuna hedifoni ya bei yoyote iwezayo kuusafisha.

HUKUMU YETU

Tukizipima hedifoni hizi kwa ufundi wake, za bei ya kati zimetengenezwa vyema. Sauti yake ni safi, haichelewi, na humwezesha mchezaji kujua adui anatokea kushoto au kulia. Swali ni kama ule ukosefu wa waya unastahili kulipiwa.

Hapa pana jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kishikio cha PS4, na cha PS5 vile vile, kina tundu la hedifoni la milimita 3.5. Kishikio chenyewe hakina waya. Kwa hivyo ukichomeka humo hedifoni ya kawaida yenye waya, waya huo hutoka kichwani hadi mikononi mwako tu. Hauvuki chumba, haumkwazi mtu, na unaweza kukaa mbali na televisheni utakavyo. HyperX Cloud Stinger yenye waya, mathalani, ilitolewa mwaka 2016 kwa dola 49.99. Haihitaji chaji, haichelewi hata kidogo, na maiki yake ipo mbele ya kinywa. Anayetoa mara mbili ya fedha hizo, sehemu kubwa ya nyongeza yake huilipa ili auondoe waya wa urefu wa mkono mmoja.

Basi kwa mchezaji wa simu, na kwa mwenye kutaka kusikiliza darsa na kuzungumza na jamaa wa Ghuba, hedifoni ya gemu ya elfu kumi haimfai. Ya kawaida itamtosha. Kwa mwenye kibanda cha gemu, waya ni bora zaidi, kwa kuwa vichwa ni vingi, jasho ni jingi, na kifaa kisicho na waya huweza kuondoka mlangoni kimya kimya. Kwa kijana mwenye PlayStation au kompyuta nyumbani, anayecheza na wenzake wa mbali huku jamaa wamelala, na ambaye waya humsumbua kwa kuinuka mara kwa mara, huyo aweza kununua isiyo na waya. Atafute yenye kipokezi, yenye vikombe vya kitambaa ikiwa anakaa Voi au Taveta, na ikiwezekana yenye tundu la waya kwa siku ambayo umeme umekwenda.

Kabla ya kutoa fedha, aijaribu kwa mashine ya aina ile ile aliyo nayo. Abonyeze kitufe na asikilize kama mlio unakuja papo hapo. Apige simu kwa mtu wa Mombasa, aulize kama anasikika. Adai risiti na dhamana, na ajue dhamana hiyo inatimizwa wapi. Kitu kilichoagizwa kutoka Nairobi, au kilichonunuliwa ng'ambo ya mpaka upande wa Holili, kikiharibika kitakudai nauli ya kukirudisha. Na akikuta jina kubwa kwa bei ya kutupa, akumbuke kwamba rahisi huvunja upishi.

Mzazi naye asiishie kukataza tu. Akubaliane na kijana wake mapema juu ya saa, juu ya kiwango cha sauti na juu ya sala, kisha ndipo mfuko ufunguliwe. Kijana atakayeweza kuuvua mchezo masikioni mara tu aitwapo, huyo hedifoni haitamharibu, iwe na waya au isiwe nao.